Kijana Asiyeweza Kupona Bado ni Kijana

Mimi ni muuguzi wenu, yule yule mnayemwona akipita na mkoba wake kutoka boma hadi boma.

Leo tuna mada nzito kidogo. Nawaomba msogee karibu na redio. Kama watoto wadogo wako hapo, wapeni kazi ya kufanya nje.

Tutazungumza juu ya kijana wa miaka 13, 15 au 17 ambaye madaktari wamesema hatapona. Wengi wetu tukisikia habari hiyo hufikiria dawa, maombi na gharama. Lakini kuna jambo jingine ambalo wazazi huona aibu hata kulitaja. Jambo hilo ni hamu ya kijana huyo kupendwa, na kuonja maisha kabla hajaondoka. Akisema hivyo, mama afanye nini? Amkemee? Amwachie tu? Anyamaze?

KISA CHA BINTI MMOJA

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimtembelea binti wa miaka 16. Sitataja jina lake wala kijiji chao, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike. Mama yake alinikubalia nisimulie, kwa sababu alisema huenda mama mwingine akasaidika.

Ugonjwa wake ulianza kama maumivu ya goti. Nyumbani walidhani ameumia akicheza mpira. Alikandwa kwa maji moto, akapakwa dawa ya kuchua, miezi ikapita. Goti lilipovimba ndipo alipopelekwa Nairobi, ikaonekana ni saratani ya mfupa. Saratani ya aina hii huwapata sana vijana wanaokua kwa haraka, na mara nyingi hutokea karibu na goti. (Kwa hiyo, mama, kijana akilalamika maumivu ya mfupa yasiyoisha, hasa yanayomwamsha usiku, au ukiona uvimbe, usingoje. Mpeleke akapigwe picha.)

Binti huyu alikatwa mguu, akatiwa dawa kali za drip, nywele zikaanguka. Baada ya mwaka mmoja ugonjwa ulionekana kwenye mapafu. Hapo madaktari wakasema hawana dawa tena ya kuuondoa, ila watamsaidia asiumie na aweze kupumua vizuri. Akarudishwa nyumbani.

Jumatatu moja nilimkuta mama yake langoni akiwa ameshika simu. Aliniambia, "Sista, hebu njoo uone. Mtoto yuko katika hali hii, na bado anaandikiana na mvulana!" Akanionyesha. Yalikuwa maneno ya mapenzi, kama vijana wanavyoandikiana. Nami nikayasoma bila ya kumuuliza mwenyewe. Kisha nikasema, "Mnyang'anye hiyo simu apumzike." Nikaenda zangu nikidhani nimesaidia.

Kwa siku tisa binti yule hakuzungumza na mtu. Chakula alikiacha. Maumivu yalizidi, ilhali dawa ilikuwa ile ile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku ya tisa nilikuwa nikimpimia dawa, mama ameenda kuteka maji. Akaniuliza, "Sista, mimi nitakufa?" Nikamjibu vile tulivyozoea kujibu: "Usiseme hivyo. Muombe Mungu, utapona." Akageukia ukutani, akasema, "Hata wewe."

Usiku huo sikulala. Kesho yake nilirudi, nikamwomba msamaha kwa kusoma barua zake na kwa kumdanganya. Ndipo akaanza kuzungumza. Mengi nitakayowaambia leo nilifundishwa na yeye.

KWA NINI KIJANA MGONJWA HUTAKA KUPENDWA

Kwanza tuelewe kwamba ugonjwa hausimamishi ujana. Mwili unaweza kudhoofika, lakini akili na moyo huendelea kukua. Katika umri huu mtu huanza kujitenga kidogo na wazazi. Hutafuta marafiki. Hujitazama kwenye kioo na kujiuliza, "Je, kuna atakayenipenda?" Hayo ni maumbile, na kijana wako mwenye afya anayapitia pia.

Sasa tazama ugonjwa unavyomfanya. Unamrudisha utotoni. Anaogeshwa na mama. Anapelekwa msalani. Shule imekoma. Marafiki walikuja wiki mbili za kwanza, kisha wakapotea kwa kuwa hawakujua la kusema. Kila anayeingia anasema "pole". Binti yangu yule aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Sista, sitafuti mwanamume. Nataka mtu mmoja ambaye si wa ukoo wetu anione, aniambie nimependeza, na asiseme pole."

Kwa hiyo, mama, kijana akionyesha hamu hiyo usidhani ameharibika tabia au ameingiwa na pepo. Ni ishara kwamba bado yuko hai na anataka kuishi siku alizo nazo.

VIJANA WENGINE WALITAKA NINI

Hapa Kenya tuna mfano mkubwa. Mwaka wa 1992, Padre Angelo D'Agostino, daktari na Mjesuiti kutoka Marekani, alifungua makao ya Nyumbani jijini Nairobi kwa ajili ya watoto wenye virusi vya ukimwi waliokuwa yatima au wametupwa. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwafikia watoto kama hao, na kazi kubwa ilikuwa kuwatunza hadi mwisho. Dawa zilipopatikana, watoto waliodhaniwa watakufa wakaendelea kukua. Wakataka nini? Walitaka shule kama watoto wengine. Shule za umma zilipokataa kuwapokea, Nyumbani walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Januari 2004 ikakubaliwa kwamba waandikishwe. Padre D'Agostino alifariki mwaka wa 2006, na kati ya watoto wale wako waliofika utu uzima.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza, mtoto mgonjwa hutaka mambo ya umri wake. La pili ni onyo: usimhesabu mtoto kuwa wa kufa kabla daktari hajasema. Leo kijana mwenye virusi vya ukimwi anayemeza dawa zake vizuri anaweza kuishi miaka mingi, kuoa au kuolewa, na kuzaa watoto wasio na virusi. Huyo si mgonjwa tunayemzungumzia leo.

Nchini Uingereza kulikuwa na kijana aliyeitwa Stephen Sutton. Aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mwaka wa 2010 akiwa na miaka 15. Alipoambiwa hatapona, aliandika orodha ya mambo 46 aliyotaka kufanya, na moja lilikuwa kupiga ngoma mbele ya umati mkubwa. Alitimiza mengi, na pia alichangisha mamilioni ya pauni za kuwasaidia vijana wenye saratani. Alifariki Mei 2014 akiwa na miaka 19. Sisi huenda tusiwe na uwezo wa kutimiza mambo 46. Lakini kalamu na karatasi tunazo.

TUANZE NA MAUMIVU

Kabla hujamuuliza kijana anataka nini, mwondolee maumivu. Mtu anayeumwa hana nafasi ya kupenda wala kupendwa.

Dawa ya maumivu makali ni mofini. Wengi huiogopa. Husema itamfanya mtoto awe mlevi wa dawa, au itamuua haraka. Si kweli. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa mtu mwenye maumivu makali, haimuui wala haimgeuzi mlevi. Mara nyingi huja kama dawa ya maji ya kunywa. Mwaka wa 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Kenya, likaeleza jinsi watoto wagonjwa walivyokuwa wakiteseka kwa kukosa dawa za maumivu, ingawa mofini ya kunywa si dawa ya bei ghali.

Shika mambo haya:

Moja, mofini ya maji hutolewa kwa saa, kila baada ya saa nne. Kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Daktari atakueleza ya usiku wa manane. Usingoje mtoto alie ndipo umpe.

Mbili, mofini hufunga choo. Omba dawa ya kulainisha choo, na umpe kila siku.

Tatu, siku za kwanza anaweza kusinzia au kuhisi kichefuchefu. Mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Lakini ukimwamsha na haamki, au anapumua polepole mno, tafuta msaada mara moja.

Nne, ifungie mahali pa salama. Usimpe mtu mwingine hata kama naye anaumwa.

Akikosa pumzi, usimlaze chali. Mketishe ukimwegemeza kwa mito, fungua dirisha, mpepee usoni kwa kitambaa au kadibodi. Kaa naye, kwa sababu hofu huzidisha kukosa pumzi.

Huduma hii yote ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, na kumsaidia yeye na jamaa zake kwa mwili, moyo na roho, huitwa tiba shufaa. Kenya ilianza kuwa na Nairobi Hospice mwaka wa 1990, na sasa kuna hospisi na vitengo vya tiba shufaa katika hospitali nyingi. Mwaka wa 2014 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalikubaliana kwamba huduma hii iwe sehemu ya matibabu ya kawaida, kwa watoto na kwa wakubwa. Kwa hiyo usiombe kama hisani. Ukiwa katika hospitali ya Kitengela au ya kaunti pale Kajiado, uliza hivi: "Mtoto wangu anahitaji tiba shufaa. Nitaipata hapa, au mtaniandikia barua niende wapi?"

MWAMBIE UKWELI

Wazazi wengi huniomba, "Sista, asijue." Naelewa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini kijana wa umri huu anaelewa kifo kama wewe unavyokielewa. Anasikia simu unazopiga nyuma ya nyumba. Anaona mashangazi wakija kutoka mbali. Anaona ng'ombe ameuzwa. Ukimficha hujamwondolea habari hiyo. Umemwacha nayo peke yake.

Mwaka wa 2004 watafiti wa Sweden walichapisha utafiti waliofanya kwa wazazi zaidi ya 400 waliofiwa na watoto kwa saratani. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto wao juu ya kifo. Kati yao hakuna hata mmoja aliyejuta. Wazazi 258 hawakuzungumza, na kati ya hao 69, yaani zaidi ya robo, walijuta baadaye.

Utaanzaje? Chagua wakati hana maumivu na nyumba imetulia. Muulize, "Wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamaza umsikilize. Akikuuliza, "Nitakufa?", usikimbilie kusema hapana. Unaweza kusema, "Madaktari wamesema dawa za kuuondoa ugonjwa zimeshindwa. Naogopa kama wewe. Lakini sitakuacha, na tutahakikisha huumii." Mkilia pamoja si vibaya. Maombi pia yana nafasi yake, ila yasiwe njia ya kumziba mdomo.

Kisha muulize swali ambalo wengi hatuulizi: "Kuna nini ungependa kufanya, au kuona, au kumwona nani?"

BINTI ALITAKA NINI

Mimi na mama yake tulipomuuliza, aliomba daftari. Akaandika mambo saba kwenye ukurasa wa mwisho. Arudishiwe simu yake, na isisomwe. Asukwe nywele, maana zilikuwa zimeanza kuota tena. Ale chipsi Kitengela na marafiki zake wawili, mama akae meza nyingine. Avae sare ya shule na aketi darasani siku moja. Aone bahari. Ashikwe mkono na mvulana yule. Na shanga zake apewe mdogo wake.

Mama yake alisoma, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani anataka mambo makubwa."

Kina mama, mara nyingi hivyo ndivyo inavyokuwa. Sisi tukisikia neno mapenzi tunafikiria kitanda. Kijana anaweza kuwa anafikiria kushikwa mkono. Hutajua hadi umuulize.

NA AKITAKA ZAIDI YA HAPO?

Sitawakwepa hapa. Binti yule aliniuliza pia juu ya ngono. Aliuliza kama ni dhambi kutamani jambo ambalo hatalijua kamwe. Nilimjibu kwamba kutamani si ugonjwa wala si aibu, na kwamba amefanya vyema kuniuliza mimi badala ya kumuuliza mtu asiyemtakia mema. Kisha nikamweleza mambo haya, nanyi myajue.

Kwanza, sheria. Kulingana na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, hata kama alikubali. Ugonjwa haubadilishi sheria hiyo. Vilevile Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 hairuhusu ndoa chini ya miaka 18. Mtu akikwambia mtoto aozwe haraka ili asife bila kuolewa, mkatalie.

Pili, mwili. Mgonjwa anayetumia dawa za saratani huambukizwa kwa urahisi, na anaweza kutokwa damu nyingi kwa jeraha dogo. Mimba ikiingia ni hatari kubwa.

Tatu, wako watu wazima wanaonusa udhaifu. Atamwambia mtoto, "Mimi nitakutimizia ndoto yako." Huyo si mpenzi. Mweleze kijana wako hivyo waziwazi, na umwambie akitumiwa picha chafu au akiitwa mahali pa siri akujulishe bila hofu ya kupigwa. Mtoto au mzazi anaweza pia kupiga simu nambari 116. Ni ya kuwasaidia watoto na haitozwi pesa.

Kama kijana wako ana miaka 18 au 19, huyo ni mtu mzima. Uamuzi ni wake. Kazi yako ni kuhakikisha amezungumza na daktari au muuguzi faraghani juu ya hali ya mwili wake, kondomu na kupanga uzazi.

Na mvulana je? Wavulana wana hamu ile ile, ila wengi huionyesha kwa hasira au kwa kufunga mlango. Mara nyingi hawezi kumwambia mama. Tafuta baba, mjomba au mwalimu anayemheshimu, akae naye. Na kijana akikosa rafiki wa moyo kabisa, usijaribu kumtafutia kwa kumshurutisha mtu. Marafiki wa kawaida wanaokuja kucheka naye nao ni upendo.

TULIVYOFANYA

Simu alirudishiwa siku hiyo hiyo. Mama alimpa kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Baba yake hakukubali upesi. Alisema watu watamcheka. Nilimuuliza kama anataka binti yake amkumbuke mvulana huyo kwa siri au mbele ya wazazi wake. Alifikiri hadi Ijumaa, kisha akasema mvulana aje, lakini mchana.

Tuliweka masharti pamoja na binti mwenyewe. Aje Jumapili baada ya ibada. Wakae nje chini ya mti, mahali panapoonekana. Mama awe jikoni, asiwe mgongoni mwao. Mdogo wake asitumwe kupeleleza.

Jambo jingine, kina mama, msilisahau. Yule mvulana naye ni mtoto wa mtu. Tulimwita mama yake tukamweleza, kisha tukamwambia kijana ukweli: kwamba rafiki yake hatapona, kwamba anaweza kuona akikosa pumzi, na kwamba akiona ni vigumu anaweza kuacha bila kulaumiwa. Akasema atakuja.

Alikuja kwa bodaboda, amebeba madaftari ya darasani. Siku ya kwanza hakujua atazame wapi. Binti akamwambia, "Mguu haupo, usiutafute." Wakacheka wote wawili, na kutoka jikoni mama akasikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia kwa miezi mingi. Sikuwa hapo walipoketi, wala sikuuliza walizungumza nini.

Nywele alisukwa na shangazi yake, zikatosha mistari mifupi. Chipsi alikula vipande vinne tu, lakini aliketi mezani na wenzake saa nzima. Shuleni mwalimu alimpa nafasi ya dirishani, akakaa masomo mawili, akachoka, akarudi nyumbani amevaa sare. Bahari ilitushinda. Safari ya Mombasa ilikuwa ndefu mno kwa pumzi zake. Lakini mjomba wake ni dereva wa lori, akaleta maji ya bahari katika chupa ya soda. Aliyaonja kwa kidole, akakunja uso, akasema, "Kumbe ni kweli ni chumvi."

Mvulana alikuja Jumapili nne. Ya nne binti alilala karibu muda wote. Mvulana aliketi kando yake amemshika mkono, na baba yake alipopita aliwaona, akaendelea na safari yake. Alhamisi usiku binti alifariki nyumbani, mama yake amemwegemeza kifuani, bila maumivu. Shanga mdogo wake anazo.

Baada ya mazishi nilikwenda kumwona mama. Aliniambia, "Sista, siku zinazoniuma ni zile tisa. Hizi nyingine zote naweza kuzikumbuka."

Nami siku zinazoniuma ni hizo hizo tisa. Ndiyo sababu nimewaletea kipindi hiki.

NAWE MTUNZAJI

Usijisahau. Kumtunza mtoto anayekwenda ni kazi ya usiku na mchana. Mwombe dada au jirani akushike zamu hata saa mbili, ulale. Wale watoto wengine nao uwaeleze kwa maneno yanayolingana na umri wao, na uwape kazi ndogo kama kumpelekea maji. Wasipoelezwa, mara nyingi hudhani wao ndio waliosababisha ugonjwa.

KWA UFUPI

Mwondolee maumivu kwanza. Uliza tiba shufaa.

Mwambie ukweli kwa upole, kidogo kidogo, kadiri anavyouliza.

Muulize anataka nini. Mpe karatasi aandike. Timiza linalowezekana wiki hii, usingoje mwezi ujao.

Usisome siri zake bila ruhusa. Ukiwa na hofu ya usalama wake, mwambie hofu yenyewe.

Ruhusu marafiki na upendo wa umri wake, mahali pa wazi na kwa masharti mliyokubaliana. Mkinge na yeyote anayetaka kumtumia.

Waandae wanaomtembelea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika jamii yetu, kwa nini tunaona vigumu kumwambia kijana kwamba hatapona?

2. Mama amekuta ujumbe wa mapenzi katika simu ya mwanawe mgonjwa. Angefanya nini kwanza?

3. Je, kuna kijana mgonjwa katika mtaa wenu ambaye marafiki wameacha kumtembelea? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini kwake wiki hii?

Kama una mgonjwa kama huyu nyumbani, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, naye atatufikishia habari. Mungu akipenda tukutane wiki ijayo saa kama hizi. Kwaherini, na usiku mwema.